Vitu gani hivi vimeota kwenye jiwe langu? Tangi la chumvi, wiki ya tano

#1 Mgeni_wa_Chumvi
Habari zenu wakuu, naomba msaada kabla sijaharibu kitu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 120, la kwanza maishani, miaka yote nilikuwa nafuga wa maji baridi tu. Leo lina wiki tano. Mle ndani kuna mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo) kama kilo 12, mchanga, pampu mbili za kuzungusha maji, hita nimeweka 25, chumvi inasoma 1.025. Amonia ilipanda ikashuka, nitraiti nayo ikapanda ikashuka, nitreti iko 10. Samaki hata mmoja bado, konokono watatu basi.

Sasa jiwe mwanzoni lilikuwa tupu kama tofali lililookotwa jalalani, halafu kuanzia wiki jana limeanza kuota vitu sivielewi. Picha nimepiga zaidi ya thelathini zote ukungu mtupu kwa hiyo naeleza kwa mdomo. Kuna vumbi la kahawia limelala juu ya jiwe na mchanga. Kuna vidude vyeupe vimejikunja kama konokono, vimeng'ang'ania kwenye kioo na kwenye jiwe, ukigusa ni vigumu. Upande wa chini wenye kivuli kuna vingine vyeupe laini kama punje ya mchele vina kama kitaji juu. Kuna kitu kama ua, rangi ya maji ya chai, unaona mpaka ng'ambo, kina minyiri mirefu na nikikisogezea kidole kinazama tunduni. Halafu kuna kimoja cha ajabu kuliko vyote, kama kidole gumba cha mtoto, zambarau iliyofifia, kimelala kwenye ufa wala hakifanyi chochote.

Mswaki ninao mkononi. Nisugue au nisisugue?

#2 Kaa_Mguu_Mmoja
Weka mswaki chini.

#3 Fundi_Sampu
Namuunga mkono mkuu wa #2. Karibu sana mgeni. Hiyo orodha yako ni ya kawaida kabisa kwa tangi la umri huo, yaani nikisoma nakumbuka langu la kwanza. Vumbi la kahawia ni diatomu, mwani wa chembe moja unaojijengea ganda la silika, kila tangi jipya linapitia, linakuja wiki ya pili hadi ya nne linakaa linaondoka lenyewe silika ikiisha. Vya kujikunja ni minyoo ya spirobi, haina madhara. Punje za mchele ni sponji aina ya Sycon, hazina madhara pia. Ua ndio tatizo, hiyo ni Aiptasia. Kidole sijui, labda sponji.

#4 Bi_Matumbawe
Fundi umemaliza uzi kwenye jibu la pili, sasa sisi tufanye nini hahaha

#5 Jicho_la_Kioo
Hajamaliza. Diatomu umejuaje bila kuona? Vumbi la kahawia linaweza kuwa diatomu, linaweza kuwa dino (dinoflajelati, viumbe vya chembe moja), hata saino nyingine (bakteria wanaoota kama utando) hazina wekundu zinakuja na kahawia. Mgeni jibu haya: vumbi lina nyuzi nyuzi na mapovu mchana? Usiku taa zikizimwa linapungua asubuhi limerudi? Ukilipuliza na pipeti linatawanyika kama vumbi au linang'oka kama ngozi? Na fosfeti ni ngapi, maana umetaja nitreti tu.

#6 Mgeni_wa_Chumvi
Asanteni kwa kunipokea. Fosfeti nimepima sasa hivi ni sifuri. Mapovu yapo machache alasiri, nilidhani ni ya pampu. Usiku sijawahi kuangalia mimi nalala jamani.

#7 Jicho_la_Kioo
Fosfeti sifuri na mapovu. Fundi bado ni diatomu?

#8 Fundi_Sampu
Bado. Mapovu ni oksijeni, mwani wowote ukipigwa na taa unatoa. Na kipimo cha fosfeti cha rangi kikisema sifuri haimaanishi hakuna kitu, jiwe na mwani vinaweza kuwa vinakula yote kabla hujaiona. Wiki ya tano, mawe mapya, mchanga mpya, tena sidhani kama maji yake yanapita kwenye chujio la osmosisi. Diatomu.

#9 Mgeni_wa_Chumvi
Ni ya bomba na dawa ya kuondoa klorini. Kumbe vibaya?

#10 Fundi_Sampu
Si dhambi ila maji ya bomba yanaweza kuja na silika na fosfeti yake, unawalisha diatomu kila ukiongeza maji. Dawa ya klorini haiondoi silika.

#11 Kijana_wa_Skima
oya mgeni mm nakushauri fupi, toa jiwe lote lichemshe saa nzima, sugua, rudisha, unaanza upya na tangi safi hakuna aiptasia hakuna nn. mi nilitaka kufanya ivo la kwangu

#12 Daktari_wa_Mawe
HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa. Mgeni usichemshe jiwe hai, na wewe kijana futa huo ushauri. Kuna ndugu wa matumbawe wanaitwa Palythoa, wanakaa kama vifungo vya koti vilivyoshonwa pamoja, baadhi wana sumu inayoitwa palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zisizo za protini tunazozijua. Ilitenganishwa mara ya kwanza 1971 na Moore na Scheuer kutoka kwa Palythoa ya Hawaii. Jiwe lenye hao ukilichemsha mvuke unaingia mapafuni. Majarida ya kitabibu yana visa vya watu, wakati mwingine nyumba nzima na mnyama wao, kulazwa baada ya mmoja kuchemsha au kusugua mawe ya tangi. Homa, kifua kubana, kukohoa, misuli kuuma. Joto la maji yanayochemka halikuhakikishii kwamba limeivunja.

Kabla hujafanya chochote kingine geuza macho upande wa nyuma wa jiwe uniambie kama kuna vifungo vya kahawia au kijani vyenye minyiri mifupi kwenye ukingo.

#13 Kijana_wa_Skima
dah kumbe. nimefuta moyoni, hapa sioni pa kufutia. "nilitaka" jamani sikufanya

#14 Bi_Matumbawe
Ashukuriwe Mungu hukupata sufuria kubwa 😂

#15 Mgeni_wa_Chumvi
Daktari umenitisha. Nimeingiza kioo kidogo cha kujitazamia nyuma ya jiwe (nimekiosha kwanza kwa maji ya bomba tu bila sabuni) nimeona kundi la vitu saba au nane, kahawia, vimefungwa kama midomo iliyofumbwa. Ukigusa ni kama ngozi. Nimegusa kabla sijasoma ujumbe wako.

#16 Daktari_wa_Mawe
Uligusa na mkono mtupu? Una kidonda au mchubuko vidoleni? Nawa mikono vizuri kwa sabuni na maji ya bomba, usijiguse macho wala mdomo. Ukisikia mdomo unakufa ganzi au kifua kinabana nenda hospitali uwaambie neno palitoksini, usiseme tu "nimegusa jiwe". Wengi wanagusa na hawapati kitu, na si kila Palythoa ina sumu kali, lakini kwa macho huwezi kujua ipi. Kuanzia leo glavu, na ukikata au kusugua vaa miwani ya kukinga, maana wakikandamizwa wanaweza kurusha maji usoni.

#17 Mgeni_wa_Chumvi
Nimenawa mara tatu. Niko sawa hadi sasa. Mikono haina kidonda.

#18 Kaa_Mguu_Mmoja
Ndio maana nilisema weka mswaki chini.

#19 Nahodha_Mstaafu
Salaam. Nimesoma juu hadi chini. Naona mnaruka kitu. Hayo ya nyuma kama yamefungwa kwa wiki tano bila kufunguka basi inawezekana ni zoa (Zoanthus, ndugu wa Palythoa) tu waliochukia safari. Hata wao wana vifungo. Palythoa huwa wakubwa na ngozi imechanganyika na chembe za mchanga, ukipapasa ni kama msasa. Zoa wa kawaida ngozi ni laini haina mchanga. Mgeni alisema mguso wa ngozi.

#20 Daktari_wa_Mawe
Mzee shikamoo. Kweli mchanga ndani ya ngozi ni alama ya Palythoa lakini kumpa mtu mwenye wiki tano kipimo cha kupapasa kitu chenye sumu hapana. Achukulie vibaya zaidi.

#21 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Sikusema apapase tena. Nilisema ameshapapasa.

#22 Mwani_Mwekundu
Naomba turudi kwenye ua maana hilo ndilo litakalomtesa mwaka mzima. Mimi nilianza na moja. Moja tu, kwenye pembe, dogo kama kichwa cha msumari, nikasema limependeza. Mwezi wa pili nikaona vitatu nikachukua kisu nikakwangua nikajiona nimemaliza kazi. Wiki mbili baadaye nilihesabu 40 nikaacha kuhesabu. Aiptasia akikwanguliwa kila kipande cha mguu kinachobaki kwenye jiwe kinaota mzima, na hata bila kukwanguliwa akitembea anaacha vipande nyuma. Minyiri inachoma, matumbawe ya jirani yanafunga kisha yanakufa upande mmoja mmoja. Maabara za kisayansi zinamtumia kufanyia utafiti wa ushirikiano wa matumbawe na mwani wake kwa sababu hafi kirahisi na anazaana kama hana kazi nyingine. Usimkwangue.

#23 Bi_Matumbawe
Ngoja kwanza, mbona wote mmekubali ni Aiptasia? Kasema ua lenye minyiri linazama tunduni. Hata mnyoo wa manyoya anazama! Mimi nilimchoma mnyoo wangu wa manyoya kwa sindano nikidhani ni Aiptasia, nilijuta sana alikuwa mzuri. Mgeni chukua lenzi. Mnyoo ana manyoya, yaani kila uzi una vijiuzi pembeni kama unyoya wa kuku, na chini kuna mrija wa ngozi au wa chokaa. Aiptasia uzi ni mtupu umechongoka mwishoni, katikati kuna sahani bapa yenye mdomo kama mpasuko.

#24 Jicho_la_Kioo
Na kama ncha za minyiri zimevimba kama kijiti cha pamba basi si Aiptasia ni Anemonia majano, yule huwa na rangi zaidi, kijani au pinki. Dawa yake inafanana ila yeye anazama kidogo tu.

#25 Mgeni_wa_Chumvi
Nimekaa chini na lenzi dakika ishirini goti limekufa ganzi (si palitoksini daktari, ni goti). Uzi ni mtupu, mwembamba, umechongoka, unapitisha mwanga na una vimilia vyeupe hafifu. Katikati sahani, mdomo upo nimeuona unafunguka na kufunga. Shina refu linaingia kwenye tundu. Nilimpa chembe ya chakula cha samaki na pipeti, minyiri miwili ikaikunjia katikati, kitu kikaingia mdomoni taratibu kama mtu anameza kidonge. Kusema kweli nilimpenda.

#26 Mwani_Mwekundu
Aiptasia. Na umemlisha. Pole.

#27 Kijana_wa_Skima
😂😂😂 kampa na lunch

#28 Fundi_Sampu
Sasa dawa. Moja peke yake namna hii usinunue mnyama wa kumla bado. Chukua chokaa iliyozimwa, ile safi ya haidroksidi ya kalsiamu, koroga na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, zima pampu zote, vuta kwenye bomba la sindano, mdondoshee juu ya mdomo akiwa amefunguka mpaka afunikwe. Usimguse na ncha atazama. Acha nusu saa ndipo uwashe pampu. Mmoja au wawili kwa siku si zaidi, chokaa inapandisha pH. Glavu na miwani hapa pia, chokaa inaunguza.

#29 Nahodha_Mstaafu
Mimi natumia maji ya ndimu kwa sindano ndani ya shina. Miaka mingi. Kazi ile ile.

#30 Fundi_Sampu
Nahodha ndimu inaua wa juu, mguu unabaki. Ndio maana umefanya "miaka mingi".

#31 Nahodha_Mstaafu
Hilo limenigusa.

#32 Bi_Matumbawe
Mimi kamba pepeminti walinisafishia tangi lote ndani ya wiki tatu. Lakini angalia unapewa kamba yupi, wengi wanauziwa Rhynchocinetes yule mwenye nundu mgongoni, macho makubwa na mistari myeupe iliyochanganyika na madoa, huyo anapenda matumbawe yako kuliko Aiptasia. Wa kweli ni Lysmata, mistari yake myekundu membamba inakwenda kwa urefu, hana nundu.

#33 Mwani_Mwekundu
Hata Lysmata wa kweli wengine hawali. Nilikuwa nao wanne wakawa wanasubiri chakula cha samaki mkononi kama paka. Aliyenisaidia ni konokono uchi Berghia, yeye hali kingine duniani zaidi ya Aiptasia, ila ndiyo hiyo akimaliza anakufa njaa, na akipita samaki mwenye tamaa au kamba hao hao wanamla. Kwa Aiptasia mmoja usithubutu.

#34 Jicho_la_Kioo
Tukimaliza ua nirudi kwa Fundi. #3 ulisema vya kujikunja ni spirobi. Konokono wa vermetidi akiwa mchanga naye huanza na mkunjo mweupe.

#35 Fundi_Sampu
Nilijua utarudi. Spirobi anabaki bapa, milimita mbili tatu, mkunjo kama saa ya mfukoni, haonyooki kamwe. Vermetidi akikua mrija unanyanyuka kama bomba la moshi na unakuwa na mdomo mkali unaokata vidole.

#36 Jicho_la_Kioo
"Akikua." Wiki ya tano hajakua.

#37 Daktari_wa_Mawe
Njia rahisi: zima pampu, subiri dakika tano, lisha kidogo, angalia. Vermetidi hutoa uzi wa ute kama wa buibui unaelea kwenye maji ananasa chembe, halafu anauvuta anaula wote na vilivyomo. Spirobi hutoa kashada kadogo ka minyiri mdomoni, kama kidoa chenye nywele, na ukimkaribia anajifunika kwa kifuniko. Spirobi waache. Vermetidi vunja mrija kwa koleo na uzibe tundu kwa gundi kali, ile ya sekunde chache inayotumika hata kubandikia matumbawe.

#38 Nahodha_Mstaafu
Nyongeza. Spirobi wengine wanajikunja kulia na wengine kushoto, ni spishi tofauti. Mgeni akikosa usingizi ahesabu.

#39 Mgeni_wa_Chumvi
Nahodha nimehesabu kweli, hahaha. Kwenye kioo cha mbele viko 31, sita vinakunjika upande mwingine. Nimelisha na kuzima pampu. Nimeona vidoa vyenye nywele kwenye vingi. Lakini kwenye jiwe, karibu na ufa, kuna viwili vyenye mkunjo mkubwa zaidi na kimoja kimetoa kitu kama uzi, au labda ni unyuzi wa chakula ulikwama, sina uhakika.

#40 Jicho_la_Kioo
Sisemi kitu.

#41 Fundi_Sampu
Sema tu.

#42 Jicho_la_Kioo
Vermetidi wawili.

#43 Fundi_Sampu
Au chakula kilichokwama.

#44 Kijana_wa_Skima
swali la pembeni wakuu, mm usiku tangi langu linatoa mlio tik... tik tik, kama mtu anagonga kioo na kucha, ni hita?

#45 Mwani_Mwekundu
Yawezekana hita ikipanuka. Yawezekana kamba wa bastola anayefyatua kucha. Yawezekana yule kamba anayefanana na vunjajungu, na kama ni huyo konokono wako wataanza kupotea mmoja mmoja utakuta maganda yamevunjwa kama yamegongwa nyundo.

#46 Kijana_wa_Skima
konokono walikuwa sita

#47 Kaa_Mguu_Mmoja
Walikuwa.

#48 Bi_Matumbawe
Kijana fungua uzi wako huko tutakuja 😂 Mgeni vipi vumbi, ulifanya kipimo cha usiku?

#49 Mgeni_wa_Chumvi
Nilikesha jana. Nimefunga tochi kwa plastiki nyekundu kama nilivyosoma mahali, maana wengi hawashtuki na mwanga mwekundu. Saa saba usiku vumbi juu ya jiwe limepungua kweli, kwenye mchanga limebaki. Asubuhi nikafanya kipimo cha chupa nilichosoma huko huko: nimevuta vumbi na maji, nimetikisa mpaka likayeyuka lote, nikachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, maji yaliyopita nikayaacha kwenye mwanga saa moja. Chini ya chupa kimekaa kitu kama unga. Pembeni kuna vijidonge viwili vitatu vimeshikana na kamoja kana mkia.

#50 Fundi_Sampu
Unga. Diatomu.

#51 Jicho_la_Kioo
Vijidonge vyenye mkia. Dino ndio wanaorudi kushikana baada ya kuchujwa, diatomu haishikani hivyo. Na limepungua usiku, dino aina ya Ostreopsis hupanda kwenye maji usiku ndio maana taa ya UV (ya kuua viumbe vidogo maji yakipita) inafanya kazi kwao, lakini wa kwenye mchanga kama Amphidinium hawapandi, UV haiwagusi. Anaweza kuwa na wote wawili, na diatomu juu. Aache kubadilisha maji kwa sasa, apandishe fosfeti kidogo.

#52 Fundi_Sampu
Apandishe fosfeti?? Mtu ana vumbi kahawia wiki ya tano unamwambia aongeze mbolea?

#53 Jicho_la_Kioo
Dino wanashamiri virutubisho vikiwa sifuri kwa sababu washindani wao wana njaa. Ndiyo.

#54 Daktari_wa_Mawe
Hadubini. Kuza mara 400. Ukiona vijiti na mashua za kioo zinazoteleza taratibu ni diatomu. Ukiona chembe kama tone la maji inazunguka sehemu moja kama imefungwa kamba ni Ostreopsis. Shule nyingine za sekondari wanayo, omba dakika tano. Mpaka hapo usiongeze kitu wala usipunguze kitu, na angalia konokono wako wasianguke, Ostreopsis wanaweza kuwadhuru.

#55 Mgeni_wa_Chumvi
Konokono wazima wote watatu. Nina rafiki mwalimu wa baiolojia, nitamwomba Jumatatu. Aiptasia nimemfunika chokaa jana, leo hayupo, tundu liko tupu. Nimejisikia vibaya kidogo baada ya ile chakula.

#56 Mwani_Mwekundu
Tundu tupu si msiba. Angalia wiki mbili.

#57 Bi_Matumbawe
Na zile punje za mchele tuliziacha. Fundi yuko sawa ni Sycon, kitaji cha juu ni miiba ya chokaa inayozunguka tundu la kutolea maji. Wanapenda kivuli na sampu (tangi la chini la kuchujia maji), wanakuja kwa wingi halafu siku moja hawapo. Wasikusumbue.

#58 Nahodha_Mstaafu
Kidole gumba hakijajibiwa.

#59 Fundi_Sampu
Sponji. Kwenye ufa, kivuli, zambarau, hakifanyi chochote. Mgeni ukihamisha jiwe usilitoe hewani, sponji hewa ikiingia kwenye mirija haitoki, linaoza.

#60 Bi_Matumbawe
Hilo la hewa linasemwa sana ila langu la njano nimelitoa mara tatu liko hai mpaka leo, labda inategemea aina. Mimi naona ni mfuko wa bahari, tunikata. Wale wana matundu mawili, moja la kuvutia maji moja la kutolea, ukimgusa anajiminya ghafla. Sponji halijiminyi.

#61 Daktari_wa_Mawe
Sponji nalo hufunga tundu lake, ila polepole, dakika kadhaa. Gusa kwa mrija wa plastiki, si kidole, uhesabu.

#62 Mgeni_wa_Chumvi
Nimegusa na mrija. Kwanza nilikuwa sijaona tundu lolote, kumbe lipo kwenye ncha, dogo kama tobo la sindano, ukingo wake mweupe. Nilipogusa halikufanya kitu. Nikahesabu. Nilipofika kumi ukingo ulianza kujikunja, arobaini likafunga kabisa, kidole chote kikawa kimesinyaa kidogo kama kidole kilichokaa majini. Baada ya robo saa likafunguka tena.

#63 Bi_Matumbawe
Amesinyaa mwili mzima! Tunikata.

#64 Fundi_Sampu
Sekunde arobaini ndio ghafla? Sponji.

#65 Mwani_Mwekundu
Inaweza pia kuwa tumbawe laini lililopata shida safarini, polipu (vile vijimdomo vyake vyenye minyiri) zimefungwa zote, hayo yanasinyaa na kuvimba kwa mtindo huo huo. Ila tundu kwenye ncha linanichanganya.

#66 Nahodha_Mstaafu
Tundu ni moja au mawili? Ndio swali pekee. Likiwa moja Fundi. Yakiwa mawili Bi Matumbawe.

#67 Kaa_Mguu_Mmoja
Mulika usiku.

#68 Mgeni_wa_Chumvi
Nimemulika sasa hivi wakuu, tochi nyekundu, lenzi, pampu zimezimwa. Yako matatu.